Masikio ya Kariakoo

Kila boksi la monita ya mtoto linajisifu kwa jambo moja: sauti. Sauti safi, sauti isiyokwaruza, sauti inayofika mita 300. Pembeni kuna picha ya mama amelala kwa tabasamu, kidude kiko mezani karibu na sikio lake. Kumnadia kiziwi bidhaa ya namna hiyo ni kumsifia mwenye kipara ubora wa kitana. Lakini mwanamke mwenye mimba ya miezi minane hana nguvu za kuchukizwa na boksi. Analigeuza tu upande wa pili, aone kama kuna sifa nyingine iliyoandikwa kwa herufi ndogo.

Mimi ni kiziwi, na mume wangu ni kiziwi. Tunaishi Dar es Salaam katika nyumba ya kupanga, chumba na sebule, bomba la uani tunachangia na wapangaji wenzetu. Tumbo lilipoanza kuonekana, mtaa mzima ulishikwa na swali moja. Muuza mkaa aliuliza, fundi cherehani akauliza, na muuguzi wa kliniki akauliza huku ananipima presha. Wote walitumia ishara zilezile: kiganja shavuni, maana yake mmelala, mikono ikibembeleza hewa, maana yake mtoto, kidole sikioni, kisha viganja viwili wazi na macho yamewatoka. Itakuwaje?

Jibu ni kwamba viziwi walikuwa wanazaa na kulea kabla umeme haujavumbuliwa. Mama mmoja mtu mzima katika chama chetu cha viziwi amelea watoto wake wote kwa kanga. Pindo moja alilifunga mguuni kwa mtoto, la pili mkononi mwake. Mtoto akirusha miguu, mama yuko macho. Mtambo huo haudai chaji wala bando, na hitilafu yake ni moja tu: siku mtoto anapojua kutambaa, mama naye hutambaa. Alitusimulia kwa mikono jinsi alivyoamka usiku mmoja anaburutwa kuelekea ukingoni mwa kitanda, na ilivyombidi achague kati ya kumvuta mtoto na kushika chandarua. Wengine hulala mkono uko juu ya tumbo la mtoto, kwa sababu tumbo la mtoto anayelia hukaza na kutikisika. Na kwa mama anayenyonyesha mwili nao una saa yake: mtoto mchanga hunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, na maziwa yakijaa hayajali kama unasikia au husikii.

Mume wangu aliyapokea maelezo hayo kwa heshima zote, kisha akasema dunia ya leo ina vifaa. Yeye ni mtu wa vifaa. Nyumbani tuna rimoti ya feni ambayo haikuja na rimoti. Basi tukaenda Kariakoo.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu. Nikamwandikia kwenye simu: "Sisi ni viziwi. Tunatafuta monita ya mtoto." Akasoma, akatikisa kichwa kwa huruma, akashusha boksi, akakiwasha kidude, akafungulia sauti hadi mwisho, akanisogezea sikioni. Akasubiri. Nikamgusia kwa kidole lile neno "viziwi". Akasoma tena, uso ukamchangamka, naam, sasa ameelewa. Akaenda stoo akatoa kikubwa zaidi. Safari hii wateja wa duka la jirani waligeuka kututazama, na mzee mmoja akaziba masikio. Nikajua mali ni nzima.

"Dada, hii wanasikia mpaka barabarani," akaniandikia.

Hilo sikulibishia. Barabara yote ilikuwa inamtazama.

Ni mume wangu aliyeona taa. Ubavuni mwa kile kidude palikuwa na mstari wa vitaa vidogo: kijani, njano, nyekundu. Mtoto akinong'ona huwaka kijani, akipandisha sauti taa nazo hupanda hadi nyekundu. Muuzaji hakuzitaja hata mara moja. Kwake yalikuwa mapambo. Tukalipia mapambo. Jambo la kwanza alilolifanya mume wangu mbele yake lilikuwa kuifunga sauti kabisa, na yule kijana alitutazama tukiondoka kwa jicho la mtu aliyeuza gari akaona mnunuzi anang'oa injini.

Mchana zile taa zilitufaa sana. Nikifua uani, kidude nakisimamisha kando ya beseni, na taa zikipanda nakausha mikono naingia ndani. Usiku ndipo hesabu ilipogoma. Taa ni habari kwa mtu aliye macho. Aliyelala amefumba macho, na hata akiyafumbua kuna chandarua. Ili nijue kwamba mtoto analia ilinibidi nikae macho niitazame taa, na nikishakaa macho, mtoto mwenyewe huyo hapo, yuko umbali wa mkono. Boksi linaahidi mita 300. Sisi na binti yetu tulitenganishwa na shuka.

Katika kukesha huko nilisoma historia ya kifaa hiki kwenye simu, na nikaona ugomvi wangu na maboksi ni wa tangu zamani. Cha kwanza kilitoka Marekani mwaka 1937, kazi ya kampuni ya redio ya Zenith. Miaka mitano kabla yake mtoto wa rubani maarufu Charles Lindbergh aliibwa kitandani kwake, na mkuu wa Zenith, Eugene McDonald, akaingiwa na hofu juu ya binti yake. Umbo lilichorwa na mchonga sanamu Isamu Noguchi. Upande wa mtoto uliitwa Guardian Ear, yaani sikio mlinzi, na upande wa mzazi uliitwa Radio Nurse, kichwa cha plastiki ngumu ya Bakelite ambacho mahali pa uso pana matundu ya kutolea sauti. Mchonga sanamu mzima, amepewa kichwa atengeneze, akakosa kuweka macho!

Kifaa cha pili hatukukinunua. Rafiki yetu fundi umeme, kiziwi mwenzetu, alituhurumia akaunganisha kihisio cha sauti na taa kali ya kumweka. Mtoto akilia, chumba chote hulipuka kwa mwanga, chandarua kinang'aa, na hata aliyefumba macho anauona mwanga kupitia kope. Tuliamka. Bahati mbaya mtaa nao uliamka, maana pazia letu ni jepesi na dirisha linatazama njia. Saa saba usiku mwanga, saa tisa mwanga, saa kumi na moja mwanga. Jirani wa kwanza alisema tunachomelea mageti kwa siri. Wa pili alisema tumefungua studio ya picha. Wa tatu hakusema kitu, ila aliacha kuja kuazima chumvi.

Hatimaye mjumbe alikuja, daftari mkononi. Akaniandikia kwa adabu: "Mama, wananchi wanauliza kuna shughuli gani humu usiku."

Nikamwonyesha shughuli. Ilikuwa imelala chali na kofia ya sufu, ngumi mbili juu ya kichwa. Nikamwonyesha na taa, nikamwomba apige makofi. Akapiga. Chumba kikawaka, mjumbe akaruka nyuma akagonga kabati. Akasimama, akaweka sawa shati, akatazama taa, akatazama mikono yake. Akapiga tena. Ikawaka. Akatoka mlangoni akamwita mkewe, mke akapiga, ikawaka. Akaitwa muuza genge, akapiga. Binti yangu akaamka na kuanza kulia, taa ikawaka mfululizo, na ujumbe mzima wa serikali ya mtaa ukashangilia. Wakaaga. Mimi nikabaki kubembeleza. Lakini ile habari ya kuchomelea mageti iliishia hapo.

Taa ikahamishiwa sebuleni, ambako hadi leo inatumika kama kengele ya mlango. Ndipo binamu wa mume wangu anayeishi Marekani alipokuja likizo na boksi ambalo, kwa mara ya kwanza, lilikuwa linanisemesha mimi. Halikusifia sauti. Lilisema kifaa kinatikisa kitanda. Maiki inakaa upande wa mtoto, kipokezi kinakaa kwa mzazi, na kutoka kwenye kipokezi unatoka waya wenye kisahani cha mviringo kinachowekwa chini ya mto au chini ya godoro. Sauti ikiingia, kisahani kinatetema. Basi. Mtu aliyebuni kitu hiki alikaa kwanza akajiuliza mtu aliyelala bila kusikia anabakiwa na nini, akapata jibu kwamba anabakiwa na mgongo.

Kabla hakijatetema, hata hivyo, kilifuka. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230, na plagi zao zina meno mawili bapa. Shemeji yangu huyo, ambaye anaamini vijikaratasi vya maelekezo vimeandikwa kwa ajili ya waoga, alitafuta adapta ya kubadili meno akaichomeka ukutani. Adapta ya namna hiyo hubadili meno tu, volti haizigusi. Kwa haki ya Mungu niseme kwamba siku hiyo kifaa kilituamsha sote bila ubaguzi, kiziwi na asiye kiziwi, kwa kuwa pua zetu ziko sawa. Fundi alipokipima alisema kilichokufa ni kile kitofali cha kuchajia peke yake, akatuuzia kingine cha umeme wa kwetu chenye kutoa volti zilezile ambazo kipokezi kinataka. Kikapona.

Usiku ule nikausikia mtaa wangu kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa nimesoma vitabuni kwamba jogoo huwika alfajiri. Si kweli. Jogoo wa jirani yetu huwika saa nane usiku, saa tisa kasorobo, saa tisa, saa tisa na nusu, kisha alfajiri akiwa amechoka hupumzika. Najua kwa sababu kila alipowika kitanda kilitikisika, nikaruka, nikamwinamia mtoto, mtoto amelala. Kabla ya saa kumi na moja kitanda kikatikisika tena, kwa utulivu na kwa muda mrefu. Nikachungulia dirishani nikaona taa zinawaka nyumba moja baada ya nyingine, nikajua ni adhana. Kuna bodaboda aliyetoboa ekzosi, anarudi nyumbani baada ya saa sita. Kuna mbwa. Mvua ikinyesha juu ya bati, kitanda hakitikisiki, kinasafiri. Na Jumamosi moja walipiga kigodoro mtaa wa pili, ngoma ikaja kuchezwa chini ya godoro langu hadi kumekucha.

Asubuhi niliwauliza wapangaji wenzangu: jogoo mnamsikia? Wakatazamana. Jogoo gani? Bodaboda je? Hakuna aliyemjua. Watu wenye masikio mazima, wamelala ukuta mmoja na mimi, hawana habari. Hapo nikaelewa jinsi watu wanaosikia wanavyolala: masikio yao hayafungwi usiku, ila kuna kitu ndani yao kinachuja, kinamwachia jogoo apite na kumkamata mtoto. Mashine haina kitu hicho. Inasikia yote na haielewi hata moja. Kwa hiyo katika miezi ile, ndani ya nyumba yenye wapangaji wa kila namna, aliyesikia kuliko wote alikuwa mimi kiziwi, na aliyelala kidogo kuliko wote alikuwa mimi vilevile.

Dawa yake ni kitasa kidogo cha kupunguza na kuongeza usikivu wa maiki. Ukikipunguza sana, jogoo anatoweka, na mtoto naye anatoweka mpaka awe amekasirika kikweli. Ukikiongeza sana, kifaa kinaripoti feni. Nilikaa nacho jioni baada ya jioni nakizungusha kidogo kidogo huku mume wangu anajiliza karibu na kitanda cha mtoto, kazi ambayo aliifanya kwa kipaji kisichotarajiwa. Mwishowe nikatia alama tatu kwa rangi ya kucha: nyekundu kwa usiku wa kawaida, ya waridi kwa usiku wa mvua, na ya zambarau kwa msimu wa harusi.

Mama mkwe alikuja kunisaidia arobaini yangu. Yeye anasikia, na ukoo mzima ulipumua: masikio yamefika. Akatandikiwa chumbani kwetu, mume wangu akahamia sebuleni na kifaa kikabaki na mimi. Usiku binti akalia. Kitanda kikatikisika, nikaamka, nikamnyonyesha, nikambadilisha nepi, nikamcheulisha, nikamrudisha. Mama alikuwa amelala mdomo wazi, mkono mmoja umening'inia. Ikawa hivyo hadi kukapambazuka. Asubuhi nikamkuta uani anawaeleza majirani, na midomo yake ilisomeka vizuri kabisa: "Mtoto mtulivu huyu! Usiku kucha hajalia hata mara moja."

Sikumsahihisha. Mtu ametoka safari ndefu.

Siku chache baadaye, mchana, alijilaza kwenye kitanda changu apumzishe mgongo. Maiki ilikuwa sebuleni, na mume wangu, fundi wetu, alikuwa anapigilia msumari wa kutundika picha. Nilikuwa uani na sufuria ya mchele nilipomwona Mama anatoka mbio, kanga moja, ndala moja, midomo inachezacheza dua. Akanielekeza kitandani, akatikisa mikono yote miwili, akaelekeza mbinguni. Nikamrudisha ndani, nikainua godoro, nikamwonyesha kisahani. Akakitazama kwa muda mrefu sana. Akakigusa kwa kidole gumba cha mguu. Kisha akanifanyia ishara nilale pembeni, akakivuta kile kisahani kikae sawasawa chini ya kiuno chake, akaiweka maiki kifuani, akakohoa. Kikatetema. Akafumba macho kwa raha, akakohoa tena. Tangu siku hiyo kila alasiri Mama alikuwa na kikohozi, na aliporudi kwao aliniambia kupitia mwanawe kwamba nikimaliza kulea nimtumie.

Katikati ya hayo mume wangu aligundua kwamba simu nazo zina masikio. Tangu mwaka 2020, simu nyingi za Android pamoja na iPhone zinaweza kusikiliza sauti za nyumbani na kuzitambua: mtoto analia, mbwa anabweka, mlango unabishwa, maji yanatiririka. Simu inatetema na kioo kinaandika ni nini. Hapa sasa palikuwa na dalili za akili. Haikusema tu kuna kelele, ilitaja kelele ya nani. Shida ni kwamba katika mtaa wetu kuna paka, na paka akiwa na mahaba usiku hulia kwa sauti ambayo simu iliisikiliza kwa makini ikaandika mtoto. Nikaamka kumtuliza binti aliyelala, huku mwenye kulia yuko juu ya bati anatafuta mchumba. Apple wenyewe wanaonya kwamba huduma hiyo isitegemewe penye hatari. Wangeongeza na penye paka.

Lakini kwenye maji, simu haikukosea. Maji ya bomba mtaani kwetu huja usiku wakati wake yenyewe, na anayelala fofofo anaamkia ndoo tupu. Usiku mmoja simu ikatetema: maji yanatiririka. Nikatoka na tochi, nikakuta bomba la uani limeachwa wazi na maji yanamwagika. Nikajaza madumu yetu yote, kisha nikagonga milango ya wapangaji mmoja mmoja. Walitoka wanapepesa macho, ndoo mkononi, hawaamini kwamba kiziwi ndiye aliyesikia maji. Tangu hapo nimekuwa mtu wa maana. Jioni mtu akinikuta njiani haulizi habari za mtoto, ananionyesha ishara ya bomba.

Umeme ukikatika, heshima zote hizo huisha. Simu ina chaji yake, lakini kipokezi cha ukutani kinakufa, na sisi wawili tunakosa hata lugha, maana Lugha ya Alama ya Tanzania inataka mwanga. Wanandoa wanaosikia wanaweza kugombana gizani kuhusu zamu ya nani kuamka. Sisi lazima mmoja ashike tochi, na mwenye tochi ana mkono mmoja tu wa kubishania. Mume wangu ana mbinu nyingine ambayo haitaki hata giza: akiona anashindwa hoja, hufumba macho. Mjadala umefungwa. Nimemfumbua kope kwa vidole mara nyingi ili nimalizie sentensi.

Hakuna kifaa kilichofanya kazi vizuri kuliko binti mwenyewe. Kwanza, kulia kwake hakukuwa sauti peke yake. Mtoto mchanga katika wiki za mwanzo hulia bila machozi, lakini hulia kwa mwili mzima: kidevu hutetemeka, miguu huvutwa tumboni, uso hubadilika rangi kabla mdomo haujafunguka. Nilikuwa namwona anaanza kulia kabla jirani yeyote hajamsikia. Pili, takriban watoto 9 kati ya 10 wa wazazi viziwi huzaliwa wanasikia, wetu akiwamo, na watoto hawa huwasoma wazazi wao mapema. Alipoanza kukaa, aligundua kwamba kupaza sauti ni kazi bure ila kupiga kitanda kwa kisigino kunaleta mtu. Akawa anapiga. Mwaka 1991 Laura-Ann Petitto na Paula Marentette waliandika katika jarida la Science kwamba watoto viziwi wanaolelewa kwa lugha ya alama hubwabwaja kwa mikono. Miaka 10 baadaye Petitto na wenzake walionyesha katika Nature kwamba hata wanaosikia, wakilelewa na wazazi viziwi, mikono yao hucheza kwa mdundo wa alama. Wetu alibwabwaja hivyo, vidole vinafumba na kufumbua hewani, na mama mkwe kwenye simu ya video akadhani anaaga, akawa naye anaaga, wakaagana nusu saa nzima.

Alipoanza kutembea akaifahamu maiki. Aliipuliza siku moja akaona mama amekaa kitako ghafla, nywele zimesimama. Akacheka mpaka akaketi chini. Akapuliza tena. Kuanzia hapo mambo yaligeuka: chombo nilicholetewa nimchunge mtoto kikawa kengele ya mtoto kumwitia mtumishi. Anapuliza, naamka, anaonyesha ishara ya maji. Naleta maji. Anapuliza, ishara ya biskuti. Saa kumi usiku! Namwambia kwa alama hakuna biskuti usiku, naye, mtoto wa baba yake, anafumba macho.

Kwa mzazi kiziwi anayejiandaa, haya ndiyo ninayoyajua. Nunua kinachotikisa, taa iwe ya kusaidia tu. Kiwe na kitasa cha usikivu na betri yake ya ndani, na usome volti kabla shemeji hajafika. Simu iwe ya pili, isiwe ya kwanza. Kamera ni nzuri kwa mtu mwenye bando na mwenye kuitazama, aliyelala haitazami. Waulize viziwi waliokwisha kulea, kwa sababu wao wamelala na vifaa hivi na wanajua kipi kinamwamsha mtu na kipi kinaamsha mtaa. Usitoe hela mpaka muuzaji amekiwasha ukakishika kwa mkono wako, na yeye mwombe akohoe. Risiti itunze, ingawa chini yake imeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.